Kofia Isiyouzwa: Historia ya Ufundi Tuliojifunza Baada ya Kazi



Mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani, aliingia bi harusi mtarajiwa kwenye fremu yetu hapa Mwenge. Alikuja kupima gauni la nikahi, lakini macho yake yakatua kwenye kofia iliyokuwa mapajani mwa mmoja wetu, nusu imeshonwa, nusu bado ni mistari ya penseli. Akauliza, "Dada, hii bei gani?" Tukamwambia hiyo haiuzwi, zinazouzwa ni zile za mashine zilizopangwa kabatini. Akaichukua, akaigeuza ndani na nje, kisha akasema anataka kumshonea mchumba wake ya namna hiyo, kwa mkono wake mwenyewe. Mama yake mkubwa aliyemsindikiza akacheka. "Mwanangu, wewe unatoka kazini jua limeshazama. Hiyo kofia itakulipa nini?"

Swali hilo si geni kwetu. Kila mwanamke mwenye kitu anachokipenda nje ya kazi yake amewahi kuulizwa. Anayechora hina akiwa nyumbani, anayesuka ukili, anayejifunza hati za Kiarabu kwa simu usiku watoto wakishalala, wote huulizwa: itakulipa nini? Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Tumekaa nalo tangu hapo, tukaona jibu lake limo kwenye historia yetu wenyewe, wanawake wa visiwani na wa pwani. Leo tuisimulie.

Kofia ilishonwa saa ngapi?

Tuanze na kofia yenyewe, maana wengi tunaiona kichwani mwa baba na kaka zetu kila Ijumaa bila kujua ilivyotengenezwa.

Kofia ya mkono ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni. Kila kipande ni kitambaa cheupe kilichowekwa maradufu. Kwanza huchorwa maua kwa penseli. Kisha hufuata mishono midogo midogo inayokamata vitambaa vyote viwili, ndiyo inayoifanya kofia isimame bila kulegea. Halafu hutobolewa vishimo, na kila kishimo huzungushiwa uzi ukingoni ili kisifumuke. Vishimo hivyo ndivyo vinavyoipa jina kofia ya viua. Ni pambo, lakini pia hupitisha hewa kichwani, jambo ambalo mtu wa pwani halihitaji kuelezwa. Mwisho duara na ukanda huunganishwa. Fundi mwenye mkono mwepesi huimaliza kwa wiki kadhaa. Mwenye kazi nyingine za nyumbani huchukua miezi.

Sasa hiyo miezi ilipatikana wapi? Bibi zetu hawakuwa watu wa kukaa bure. Alfajiri ilikuwa maji na kuni, kisha shamba au pwani, kisha jiko. Kofia haikushonwa wakati huo. Ilishonwa uani baada ya Alasiri, chungu cha usiku kikiwa bado hakijatelekwa, mwanga ukiwa bado upo. Wanawake wawili watatu walikaa pamoja, kila mmoja na kazi yake mkononi, mazungumzo yakiendelea. Adhana ya Magharibi ikiadhiniwa, sindano huchomekwa kwenye kitambaa, kitambaa hukunjwa, mpaka kesho.

Haki isemwe, wanaume nao wameshona kofia, na hadi leo utamkuta mzee barazani Unguja au Lamu na sindano yake. Lakini kofia ya mkono imebeba maana yake ya pekee katika ndoa. Mke kumshonea mumewe kofia ni zawadi inayojulikana pwani nzima. Ngazija kofia ya mkono ni sehemu ya mavazi ya heshima ya mwanamume katika sherehe kubwa. Barawa, mji wa pwani ya Somalia wenye wasemaji wa Kiswahili cha Chimiini, kofia zake zilipata jina hata nje ya mji. Ukitazama ramani utaona ni ukanda mmoja wa bahari, na sindano ilipita kila bandari.

Wala hapakuwa na darasa la kofia. Mtoto wa kike aliketi karibu na shangazi akatazama. Akapewa kipande cha kitambaa kibovu akajaribu. Akakosea, akafumua, akaanza tena. Aliyekuwa hana wa kumfundisha alichukua kofia kuukuu, akaifumua mshono mmoja mmoja ili aone aliyeshona alianzia wapi. Wengine tumejifunza hivyo hivyo, kwa kufumua.

Binti aliyeandika kwenye mfupa

Kujifunza kwa kuiga kwa jicho hakukuishia kwenye sindano. Kuna kisa cha Unguja ambacho kila msichana angepaswa kukijua.

Tarehe 30 Agosti 1844, katika jumba la Mtoni kaskazini ya Mji Mkongwe, alizaliwa Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said. Mama yake aliitwa Jilfidan, mwanamke wa Kicherkesi aliyeletwa akiwa mtumwa. Salme, kama watoto wengine wa jumba, alifundishwa kusoma Kurani. Kuandika lilikuwa jambo jingine. Desturi ya wakati ule haikumpa mtoto wa kike kalamu. Alisoma, lakini haandiki.

Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake namna alivyofanya. Alichukua msahafu, akaanza kuziiga herufi zake moja moja, akiziandika kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mfupa huo ndio uliokuwa ubao wa kuandikia kwa wanafunzi wa Unguja wakati ule. Alifanya kwa siri. Mkono ulipoanza kukubali alimtafuta mtumwa mmoja aliyejua kuandika amwelekeze. Habari zilipotoka alisemwa sana, lakini hakuacha.

Tujiulize swali la mama mkubwa: ilimlipa nini? Mwanzoni, hakuna. Binti wa Sultani hakuhitaji kuandika ili ale. Lakini mwaka 1859, baba yao akiwa amefariki miaka mitatu nyuma, ndugu zake Majid na Barghash waligombania kiti. Salme, akiwa kijana wa miaka 15, ndiye aliyekuwa akiandika barua za upande wa Barghash, kwa sababu alijua kuandika. Upande huo ulishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme alibaki na majuto. Ujuzi hauna dhamana ya kukupeleka kwenye heri kila wakati. Inategemea unautumia wapi.

Hatutaficha kilichofuata. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, mwaka uliofuata alibatizwa Aden na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Sisi kama Waislamu kisa hicho kinatuuma, na hatumtaji hapa kama kigezo cha dini. Tunamtaja kwa ajili ya ule mfupa. Kwa maana mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali mjini Hamburg, akamwacha ugenini na watoto watatu wadogo. Katika miaka iliyofuata alifundisha lugha ili apate riziki, na mwaka 1886 kitabu cha kumbukumbu zake kikachapishwa kwa Kijerumani. Herufi alizoziiba utotoni, bila kujua zitamfaa nini, ndizo zilizomsaidia kusimama alipokuwa hana mtu.

Je, dini ndiyo iliyokataza?

Hapa tutulie kidogo, kwa sababu wako wanaodhani kalamu ilizuiwa na dini. Sivyo. Madina, zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Salme, alikuwepo Shifa binti Abdillah, mwanamke wa Kikuraishi aliyejua kuandika. Yeye ndiye aliyemfundisha kuandika mama yetu Hafsa binti Umar, radhi za Allah ziwe juu yao. Imepokewa katika Abu Daud kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimwambia Shifa amfundishe Hafsa na kisomo cha kutibu kama alivyomfundisha kuandika. Basi kilichomnyima Salme kalamu kilikuwa mazoea ya watu wa zama na mahali fulani. Tutofautishe mambo hayo mawili, maana hata leo tunakatazana vitu vingi kwa jina la dini ambavyo dini haikuvigusa.

Yupo pia mama yetu Zainab binti Jahsh. Alikuwa mke wa Mtume, na alikuwa fundi. Alitengeneza ngozi na kushona kwa mikono yake, na alichokipata akakitoa sadaka. Mtume aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata kwanza baada ya kufa kwake ni yule mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapimana mikono. Alipofariki Zainab, mwaka wa 20 Hijria, wa kwanza wao kumfuata, ndipo walipofahamu kwamba urefu uliokusudiwa ulikuwa wa kutoa. Mwenye mkono mrefu alikuwa mshonaji. Hilo tunapenda kulikumbushana tukiwa kwenye cherehani.

Sindano haina uzito

Turudi Unguja. Mwaka 1927 serikali ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana, na ushonaji ukaingia darasani pamoja na kusoma na kuandika. Lilikuwa jambo kubwa. Kalamu ambayo Salme aliitafuta kwa siri sasa ilitolewa hadharani. Lakini wasichana wengi hawakufika shuleni, na kwao uani kuliendelea kuwa ndilo darasa.

Siti binti Saad alikuwa mmoja wa hao. Alizaliwa Fumba mwishoni mwa karne ya 19 katika familia ya wafinyanzi, hakupata shule. Kazi yake ilikuwa kutembeza vyungu, na alipovitembeza alivinadi kwa kuimba. Sauti ilikuwa yake tu, nje ya bei ya chungu. Alihamia mjini, akafunzwa zaidi, na mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Kuhusu muziki kila mmoja wetu ana msimamo wake na hatuufungui mjadala huo leo. Tunasema tu kwamba aliyekuwa akinunua chungu hakujua anasikiliza nini.

Kisha ikaja Januari 1964. Baada ya Mapinduzi familia nyingi ziliondoka Unguja na Pemba, na tangu 1970, Sultani Qaboos alipotawala Oman na kuwaita wenye asili ya huko warudi, wengi walifikia Maskati. Nyumba haibebeki, wala shamba la karafuu. Sindano haina uzito, na ujuzi wa kushona viua hauandikwi kwenye orodha ya mizigo. Leo kofia ya viua, kule inaitwa kumma, ni vazi la taifa la mwanamume wa Oman, na Waomani wenyewe wanajua kwamba asili yake ni huku kwetu. Wako wanawake huko wanaoidarizi majumbani mwao mpaka sasa, baadhi yao wakiongea Kiswahili huku wanashona. Kitu kilichoanza kama kazi ya baada ya Alasiri kwenye ua wa Unguja kimevaliwa na nchi nzima ng'ambo ya bahari.

Na Mwenge je?

Wasomaji wetu wa visiwani mkishuka boti na kuja huku Mwenge, kituo cha kwanza cha wageni ni kijiji cha vinyago. Wachongaji wengi asili yao ni Wamakonde wa kusini na wa Msumbiji, na ukiwauliza walisomea wapi watakuonyesha mjomba aliyekaa kwenye kigogo cha pili. Huku nako ufundi hupita jicho hadi mkono.

Wilaya hii yetu ya Kinondoni ina kisa kingine cha kazi ya baada ya kazi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alikuwa mfanyakazi wa nyumbani na bustani Oysterbay. Mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao laini, kwa muda wake mwenyewe, bila kufundishwa na mtu. Mkewe Agatha ndiye aliyeketi karibu na duka la Morogoro Stores akiziuza picha. Tingatinga alipigwa risasi na polisi kwa makosa mwaka 1972, miaka minne tu tangu aanze. Lakini ndugu na wanafunzi wake walikuwa wameshamtazama, na mtindo wake mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Sisi tunamkumbuka pia Agatha. Mara nyingi ufundi wa mtu mmoja umesimama kwa sababu mwingine alikaa juani akiuuza.

Sasa tuseme la kwetu. Sisi ni mafundi wa kozi. Cheti kipo ukutani, na tulichosomea ndicho kinacholipa kodi ya fremu: magauni ya harusi, abaya, sare za shule. Kofia haikuwa kwenye kozi. Tuliijua kwa bibi mmoja wa Unguja, aliyetukabidhi kofia kuukuu ya marehemu mumewe tuifumue. Alitukabidhi bila kusita, na tulipoifumua mshono wa kwanza ndipo tulipoona macho yake.

Tulipoweza, tukafanya kama kila mtu wa Dar angefanya, tukaona ni fursa. Msimu mmoja kabla ya Idi tulipokea oda za kofia za mkono nyingi kuliko mikono yetu. Tukashona mpaka usiku wa manane kwa taa. Mishono ikarefuka ili kazi iishe, viua vikapungua, macho yakauma. Tukatoa kofia ambazo tungeona haya kumwonyesha bibi yule. Na Alasiri ikawa haina tofauti na asubuhi. Ile saa moja ya kukaa, kucheka na kusikilizana ikawa saa nyingine ya mteja.

Baada ya Idi tulikubaliana: kofia za mashine tutauza, hazina ubaya, wanaume wengi wanazihitaji na bei yake inabebeka. Ya mkono haiuzwi. Tunamshonea mume, baba, mtoto anapohitimu juzuu, au tunaitoa. Hatusemi kila mtu afanye hivyo. Kuna dada ambaye kuchora hina au kusuka ukili ndiko kunakompeleka mtoto wake shule, na Mola ambariki. Tunachosema ni kwamba si kila ujuzi lazima upandishwe bei siku ile ile unapoanza kuujua. Ukiwa na vitano, kimoja kiache kiwe chako.

Jibu kwa mama mkubwa

Yule bi harusi alirudi Jumapili iliyofuata. Akaja na nyingine. Vidole vilichomwa mpaka akaweka plasta viwili. Kipande chake cha kwanza tulikifumua chote, akalia kidogo, akaanza upya. Siku za kazi alishona kwenye daladala akiwa amepata kiti. Ramadhani ilipoingia alishona baada ya Tarawehe.

Nikahi ilikuwa baada ya Alasiri, na kofia haikuwa imekwisha. Ukanda wa pembeni ulikuwa tayari, lakini robo ya duara la juu ilikuwa na mistari bila viua. Akataka kuiacha, avae ya dukani. Mama yake mkubwa ndiye aliyesema, "Mpe hiyo hiyo." Bwana harusi akaivaa vile ilivyo. Kwa mbali hakuna aliyeona.

Tulipomuuliza mama mkubwa kilichombadilisha, alisema mama yake mzazi, Pemba, alikuwa akishona kofia, na yeye hakuwahi kukaa karibu yake kutazama. Alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Sasa hakuna wa kumuuliza.

Basi kwa bi harusi anayesoma hapa na anataka kuanza: tafuta kitambaa cheupe kizito kidogo, uzi mweupe usio na mng'ao mwingi, sindano nyembamba, na kofia moja kuukuu ambayo mwenyewe amekuruhusu uifumue. Anza miezi sita kabla ya harusi, usiseme wiki sita. Anza na ukanda, kosa lake halionekani sana. Usishone usiku kwa mwanga hafifu. Na kama nyumbani kwenu yupo mtu mzima anayejua chochote cha mkono, iwe kofia, ukili, udi wa kuchanganya, au kisomo, kakae karibu naye wiki hii.

Duara la bi harusi wetu bado lina robo iliyobaki. Anasema atalimalizia Ramadhani ijayo, inshaallah, mumewe akikubali kulivua.